Viini 28 kwa shilingi 70,000: ninunue?

SWALI: Assalaam aleikum, kaka fundi. Napiga video na picha za harusi, niko Kisauni. Kazi zangu zimejaa kwenye diski za nje saba, na mbili kati yake zimeanza kulia kwa ndani. Nataka seva ya nyumbani ya kuhifadhi kila kitu, wateja na jamaa waweze kutazama kwa simu, na kompyuta ya mezani ya kuhaririia kwa sababu laptopu yangu imechoka. Kuna duka mjini linaniuzia mnara wenye prosesa mbili za Intel Xeon, E5-2680 v4, viini 28 kwa jumla, kwa shilingi 70,000. Muuzaji asema huo mmoja utatosha kazi zote mbili, na kama nataka kutenganisha basi ninunue miwili inayofanana. Bajeti yangu ni 120,000 bila diski. Waonaje?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Tuanze na zile diski mbili, prosesa zitangoja. Diski inayolia kwa ndani inaaga. Usiku wa leo hamisha vilivyomo, ukianza na harusi ambazo bado hujawakabidhi wenyewe, uviweke popote penye nafasi, hata kwa kuazima diski ya mwenzako. Bibi harusi hatavaa tena ili umpige upya. Ukimaliza hilo, endelea kusoma.

Sasa huo mnara. Usinunue.

Muuzaji hajakudanganya. Viini, yaani zile sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba, vipo kweli 28: E5-2680 v4 ilitoka mwaka 2016, kila moja ina viini 14 na nyuzi 28 (kazi zinazoweza kwenda kwa pamoja), na enzi zake ilikuwa prosesa ya kuheshimika kwenye vyumba vya seva. Lakini ilitengenezwa kwa mahali ambapo watu mia wanaomba mambo mia kwa wakati mmoja, tena chumbani mna kiyoyozi na stima inalipwa na kampuni. Nyumbani kwako hakuna hata kimoja katika hivyo.

Hebu tuihesabu siku ya seva yako. Jioni unarudi kutoka kwenye harusi, unamimina kadi za kamera. Kwa waya wa kawaida wa mtandao wa nyumbani, ule wa gigabiti moja, data hupita kama MB 110 kwa sekunde, kwa hiyo harusi ya siku tatu yenye GB 300 itaingia kwa dakika 45 hivi. Usiku mama mkwe wa fulani anatazama video kwa simu. Saa nane za usiku seva inatengeneza nakala ya pili ya kazi za wiki. Jumla ni saa mbili, tatu ukizidisha. Saa zilizobaki imekaa macho inangoja kuitwa, kama askari wa usiku kwenye geti. Askari haajiriwi kwa uwezo wa kubeba magunia, na mwisho wa mwezi unamlipa kwa zile saa za kukaa.

Kwa hiyo swali la kwanza la prosesa ya seva ni moja: inakula wati ngapi ikiwa haifanyi chochote? Nina kipima umeme kidogo cha kuchomeka ukutani, nadhani ndicho kifaa nilichonunua kwa bei ndogo zaidi na kunifaa zaidi. Mnara wa aina hiyo uliyotajiwa, wenye prosesa mbili za Xeon, niliupima ukiwa umewashwa tu, hakuna programu iliyofunguliwa: wati 95. Kompyuta ndogo ya ofisini yenye i5-8500T, zile zenye ukubwa wa kitabu kinene, ilisoma wati 11.

Tuseme uniti moja ya stima inakuangukia shilingi 30. Chukua risiti yako ya tokeni, gawa pesa kwa uniti, utapata hesabu yako kamili. Wati 95 usiku na mchana ni uniti 68 na ushei kwa mwezi, yaani shilingi 2,050 hivi. Wati 11 ni uniti 8, shilingi 240. Kwa mwaka tofauti inapita 21,000, na hapo Xeon haijaguswa bado. Kwa miaka mitatu utakuwa umeununua ule mnara karibu mara ya pili, na hiyo ya pili hupewi risiti wala kasha.

Lipo jambo la pili linaloikosesha Xeon hii kazi ya seva ya nyumbani, nalo hulioni kwenye idadi ya viini. Haina grafiki ya ndani. Prosesa za Intel za kawaida, tangu mwaka 2011, zimekuwa na sehemu maalumu ndani yake ya kufungua na kufunga video. Jina lake ni Quick Sync. Mteja akitaka kutazama harusi ya 4K kwa simu yenye bando la kubahatisha, seva inabidi iigeuze video iwe nyepesi palepale anapotazama. Sehemu hiyo maalumu huifanya kazi hii viini vya kawaida vikiwa vimekunja mikono. Prosesa isiyo nayo hulazimika kutumia nguvu ya viini vyenyewe, feni zikavuma mpaka jirani aulize kuna nini. Kwa HEVC ya biti 10, namna ya kubana video ambayo kamera nyingi za sasa na hata simu huiandika, chukua Intel ya kizazi cha 7 au zaidi. Mimi nasema anzia cha 8, maana ndipo i5 ilipopanda kutoka viini vinne hadi sita, na kompyuta zake zimejaa kwenye maduka ya mitumba ya ofisini.

Hapa kuna herufi inayowapoteza watu. Utaona i5-8500T imeandikwa wati 35 na i5-8500 isiyo na T imeandikwa wati 65, ukadhani T inakula nusu. Namba hizo zinaeleza joto la prosesa ikiwa kazini kwa muda mrefu, ili mtengenezaji ajue aweke kipoza cha ukubwa gani. Zikiwa zimepumzika, hizo mbili hulingana, au hukosana kwa wati moja au mbili. T imefungwa gavana tu, kama matatu. Basi usiongeze pesa kutafuta T kwa ajili ya seva, isipokuwa unataka lile kasha dogo.

Na wewe hulitaki lile kasha dogo. Ndani yake mnaingia diski moja ya inchi 2.5 na kijikadi cha SSD, basi. Diski kubwa za inchi 3.5 unazohitaji kwa kazi za miaka hazikai humo, na kuzining'iniza nje kwa waya za USB ndiko kulikokufikisha hapa na diski saba. Tafuta kasha la ukubwa wa kati au mnara mdogo wa ofisini wenye i5-8500, au hata i3-8100 yenye viini vinne, na ulifungue kabla ya kulipa uhesabu kwa macho: nafasi mbili za diski kubwa, na milango mitatu au zaidi ya SATA, ile ya kuchomekea waya za diski, kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Kila diski kubwa inayozunguka itakuongezea kama wati 5, hilo halikwepeki.

Ukipenda kitu kipya kabisa, kuna Intel N100, iliyotoka mwanzoni mwa 2023: viini vinne, wati 6 kwenye karatasi, na sehemu yake ya video ni mpya kuliko ya kizazi cha 8 kiasi kwamba inafungua hata video za AV1, namna mpya zaidi ya kubana video. Kwa kuhifadhi na kutazama inatosha kabisa. Ila prosesa yake imechomelewa kwenye bodi, RAM inapita njia moja tu, na njia zake za PCIe, zile za kadi za ziada na SSD, ni chache, tisa. Unainunua ilivyo na utaizika ilivyo. Kwa AMD, mshindani wa Intel, kama ukikutana na Ryzen 5 5600G kwa bei nzuri, hiyo yenye G, ichukue. Ni kipande kimoja cha silikoni na hupumzika vizuri. Ryzen 5 5600 isiyo na G imeundwa kwa vipande viwili vinavyozungumza muda wote, kwa hiyo ikipumzika hula zaidi, tena haina grafiki. Kwenye meza ya kazi hilo halina neno, ila kwa seva ni hasara.

Nikusimulie kosa langu mwenyewe ili usilirudie. Seva yangu ya hapa Tudor ilikuwa ikisoma wati 12. Siku moja nikahitaji mlango mmoja zaidi wa diski, nikachomeka kadi ya SATA ya zamani niliyoiokota kwenye droo. Diski ikaonekana, nikafurahi, nikafunga. Wiki mbili baadaye, kwa mazoea tu, nikachomeka kile kipima umeme: wati 27. Nilichomoa diski moja moja, ikabaki 27 ukitoa wati za diski. Nikazima programu, haikushuka. Nilipochomoa ile kadi ikarudi pale pale. Prosesa hizi hushuka kwenye usingizi kwa ngazi, na ngazi za chini kabisa hazifikiki mpaka kila kilichochomekwa kikubali kulala. Kadi moja ya kizamani isiyojua kulala huiweka prosesa nzima macho. Kwenye Linux programu ndogo iitwayo powertop itakuonyesha imefika ngazi ipi. Kwa hiyo milango ya SATA iwe ya madabodi yenyewe, usitegemee kadi.

Kuhusu RAM ya ECC, ile inayojisahihisha makosa, muuzaji wako bila shaka ameitaja kama sifa ya Xeon. Ni sifa ya kweli. Lakini ukiwa na pesa ya kimoja tu, nunua diski ya ziada uweke nakala nyumba nyingine, kwa mama au kwa kaka yako Likoni. ECC haisaidii mwizi akibeba seva.

Tuje kwenye meza ya kazi, na hapa ndipo pesa yako iende.

Kompyuta ya kuhaririia hupimwa kinyume kabisa. Ikipumzika, iwe inakula wati 15 au 40, haidhuru, utaizima ukienda kulala. Unachonunua ni ule muda kati ya kubonyeza na kuona. Unaburuta mstari wa video, picha inafuata mkono au inakwama? Sehemu kubwa ya hisia hiyo hutegemea kasi ya kiini kimoja kimoja, na kipande cha kufungua video. Kiini kimoja cha Xeon yako hakipiti gigahezi 3.3 kwa usanifu wa mwaka 2016. I5-12400 ya mwaka 2022 inafika 4.4, na kwa kila pigo moja la saa hufanya kazi nyingi zaidi. Viini sita vya aina hiyo vitakupa meza nyepesi kuliko vile 28. Wakati wa kutoa video ya mwisho Xeon ingejitutumua, sikatai, ila wakati huo wewe umeshaenda kunywa kahawa.

Jambo hilihili ndilo linalofanya neno "i7" lisiwe na maana likitajwa peke yake. Mtaani utaambiwa "hii ni i7, bro", na sauti inashushwa kana kwamba ni siri. I7 ya kizazi gani? i7-3770 ya mwaka 2012 ina viini vinne na nyuzi nane; i3-12100 ya mwaka 2022 nayo ina viini vinne na nyuzi nane, na itaiacha mbali huku ikila kidogo. Soma namba inayofuata kistari: 3770 ni kizazi cha 3, 8500 ni cha 8, 12400 ni cha 12. Kwa kompyuta ya Windows usishuke chini ya cha 8, kwa kuwa Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi vizazi vya nyuma. Huo mnara wa Xeon nao haumo kwenye orodha.

Sasa nikuulize swali ambalo muuzaji hakukuuliza: kamera yako inaandika nini? Ingia kwenye menyu yake utafute maandishi 4:2:0 au 4:2:2, na biti 8 au 10. Ukipiga 4:2:2 ya biti 10, kamera inahifadhi habari za rangi maradufu ya 4:2:0. Utaliona hilo kwenye mikono ya bibi harusi: ukingo wa ua la hina juu ya ngozi unabaki mkali hata ukisogeza rangi upande huu na ule, na nyuzi za dhahabu kwenye nguo haziyeyuki zikawa ukungu wa manjano. Ni picha nzuri, na ndiyo inayoziua kompyuta. Kadi za picha za NVIDIA hazikuwa na uwezo wa kufungua 4:2:2 mpaka zilipokuja za mfululizo wa RTX 50 mwaka 2025. Grafiki ya ndani ya Intel inaifungua HEVC ya 4:2:2 ya biti 10 tangu kizazi cha 11. Kwa hiyo kijana mwenye i5 ya kawaida isiyo na kadi yoyote anaweza kuburuta video yake kwa raha kwenye programu inayojua kutumia Quick Sync, kama Premiere Pro, huku mwenzake mwenye kadi ya bei mbaya ya miaka ya nyuma akitazama picha ikirukaruka. Nimeona watu wakiongeza RAM, wakiongeza SSD, wakagombana na fundi, kumbe shida ni hiyo.

Ndiyo maana kwako nasema i5-12500. Tofauti yake na 12400 kwenye karatasi yaonekana ndogo, lakini 12400 ina mtambo mmoja wa video na 12500 ina miwili. Kwa mtu anayepanga kamera tatu pamoja, moja kwa maharusi, moja kwa wageni na moja iliyoachwa juu ya kigoda, ule wa pili utauona. Ukiikosa, 12400 haitakuaibisha. Ila jihadhari na 12400F. Hiyo F maana yake grafiki ya ndani imezimwa kiwandani. Inauzwa nafuu, na wewe ungekuwa umetupa kile hasa ulichokuja kununua. Zote hizi hukaa kwenye madabodi ya RAM ya DDR4. Weka GB 32 katika vipande viwili na SSD ya NVMe, ile ya kasi inayochomekwa kwenye bodi yenyewe, ya TB 1. Siku ukipata pesa ya kadi ya picha, ingia BIOS, ile mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uhakikishe grafiki ya ndani haijazimwa. Madabodi nyingi huizima zenyewe zikiona kadi, halafu mtu anasema kadi imemharibia kompyuta.

Kama kamera yako ni ya 4:2:0 ya biti 8 na una kadi ya picha tayari, Ryzen 5 5600 ni mwenzake wa haki, labda hata nafuu. Na kama ungekuwa na bajeti pana ningekupeleka kwenye Ryzen 5 7600, kwa sababu soketi yake ya AM5, kikalio cha prosesa kwenye bodi, itapokea prosesa za miaka ya mbele, lakini inataka DDR5 na madabodi ghali. Si kwa 120,000 yenye seva ndani yake.

Kuna kishawishi kimoja utakutana nacho: i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14, iliyotumika, kwa bei ya kuvutia ajabu. Ipite. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba baadhi ya prosesa za mezani za vizazi hivyo viwili zilikuwa zikijiomba volti kupita kiasi, zikachakaa kabla ya wakati. Walitoa marekebisho ya BIOS mwezi Agosti mwaka huo na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho huzuia uharibifu mpya, hayaponyi ulioshatokea, na huwezi kujua aliyekuuzia aliitumia vipi. Kizazi cha 12 hakimo kwenye mkasa huo.

Joto sasa, maana majedwali mengi unayoyasoma yameandikwa na watu wenye masweta. Kipoza hakiwezi kuishusha prosesa chini ya hewa ya chumba. Kinachofanya ni kushika tofauti. Prosesa inayokaa nyuzi 45 juu ya hewa ya chumba itasoma 67 mahali penye baridi ya nyuzi 22, na hapa kwetu mwezi wa tatu, chumba kikiwa 33, itasoma 78 kwa kazi ileile. Intel 12500 hujipunguza kasi ikifika 100, kwa hiyo nafasi ipo, lakini kile kipoza kidogo cha ndani ya boksi kitakuwa kimekwisha pumzi. Weka kipoza cha mnara chenye feni ya milimita 120, hata cha bei ya chini. Namba ya wati 65 kwenye 12400 na 12500 isikulaze. Kwa muda inaruhusiwa kufika 117.

Na chumvi. Mwaka jana niliifungua kompyuta ya studio moja upande wa Nyali, dirisha lake linaitazama bahari. Skrubu za nyuma zilikuwa zimeota kutu nyekundu hadi bisibisi ikateleza. Feni ilikuwa na vumbi, ila halikuwa vumbi la kupuliza. Lilikuwa limeshikana kama sufi iliyolowa, ukiligusa linabaki kidoleni. Nikachomoa RAM: meno yake yaliyotakiwa kuwa ya dhahabu yalikuwa na madoa ya kijani kibichi. Nikayasugua kwa kifutio cha penseli cha mtoto, nikairudisha, ikawaka. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa prosesa imekufa. Upepo wa kusi hubeba chumvi mpaka ndani ya nyumba, kwa hiyo seva isikae chini ya dirisha wala sakafuni. Rafu ya kati, ukuta wa ndani, kifutio kila miezi sita.

Kuhusu wazo la mnara mmoja kwa kazi zote: unaweza, kiufundi. Lakini kompyuta ya kuhariri huzimwa, huwashwa upya, hukwama ukiwa umefungua mambo mengi, na mpwa wako atacheza mpira humo. Kila mara hiyo wateja wako wanaona duara linazunguka. Na stima ikikatika, UPS ya kawaida ya VA 650 yenye betri mpya itaibeba seva ndogo pamoja na ruta kwa karibu saa moja. Mnara wa Xeon utaimaliza ndani ya robo saa hivi. Ukishapata seva, kwenye BIOS tafuta mpangilio wa kinachofanyika umeme ukirudi, uweke iwake yenyewe. Watazamaji wa nje ya nyumba ni habari nyingine: laini nyingi za faiba za majumbani hazikupi anwani yako mwenyewe ya intaneti, utahitaji programu kama Tailscale au WireGuard, zinazounganisha vifaa kwa njia ya siri kupitia intaneti, na hapo prosesa yoyote niliyoitaja inatosha.

Ukienda dukani, nenda na flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa. Stika ya mbele usiisome, stika huuzwa. Washa kutoka kwenye flashi, andika lscpu, usome jina kamili la prosesa mwenyewe, pamoja na herufi ya mwisho. Omba kifuniko kifunguliwe. Ule uji mweupe uliopakwa kati ya prosesa na kipoza, ukiuona umekauka pembeni kama chokaa, bado unaweza kuinunua, lakini panga kuupaka upya siku hiyohiyo. Ipe kazi nzito kwa dakika kumi na tano huku ukitazama nyuzi za joto, na usione haya, muuzaji mzuri atakuletea kiti. Mwisho kabisa iwashe upya uingie BIOS. Kompyuta nyingi zilizotoka maofisini zimefungwa humo na wenyewe wa zamani. Ikikuuliza neno la siri na muuzaji halijui, iache hapohapo mezani utafute nyingine.